Mapanja ya Wino

"Niyajaze?" aliniuliza mpiga picha.

Nikamjibu, "Jaza."

Laiti ningesema "Acha." Ni neno fupi vilevile, na siku hiyo nilikuwa na pumzi ya kutosha. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na tisa, karani wa shirika la umma pale Posta, mtu wa kidato cha nne mwenye kaunda suti mbili, na nywele zangu zilikuwa zimeanza kuniaga. Hazikuondoka kwa pamoja kama wageni wenye adabu. Zilianzia kwenye mapanja, zile pembe mbili za paji la uso upande wa masikio, zikarudi nyuma kidogo kidogo, hata katikati pakabaki ulimi wa nywele uliojitokeza mbele kama rasi kwenye ramani ya shule.

Picha ilikuwa ya posa. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenipokea Dar es Salaam na kunilea, alikuwa amenitafutia mchumba kwetu kusini, mwalimu wa shule ya msingi, binti wa watu anaowafahamu. Barabara ya kusini ilipitika miezi michache tu kwa mwaka, kwa hiyo mwanamume hakuwa na haja ya kwenda kuonekana. Ilikwenda picha yake ndani ya bahasha, ikazungushwa kwa wazazi, mashangazi na majirani, na kila mmoja akaitolea hukumu. Mwenye uso alikuwa mbali, akisubiri.

Studio ilikuwa mtaa wa nyuma ya Mnazi Mmoja, ya mzee mmoja wa Kihindi aliyezaliwa hapo hapo na aliyezungumza Kiswahili kizuri kuliko changu. Aliiweka picha mezani, akaiinamia na kioo cha kukuzia.

"Bwana, uso mzuri. Mapanja ndiyo yamekimbia. Niyajaze? Wengi wanajaza."

"Itajulikana?"

"Nachora unywele mmoja mmoja. Mama yako mwenyewe hatajua."

Nikasema lile neno langu. Akachukua brashi nyembamba, akaichovya kwenye wino mweusi, akaanza kunipandia nywele kwa subira ya mtu anayetoa mwiba. Aliponikabidhi picha alinitazama kichwani, si usoni.

"Mimi nimemaliza kwenye karatasi," alisema. "Kichwa utajua mwenyewe."

Nikacheka. Nilidhani ni utani.

Kuna jambo jingine lazima niliseme, maana nikiliacha nitakuwa nimejaza mapanja ya hadithi hii pia. Wiki chache kabla ya hapo tulikuwa na mkutano wa wafanyakazi kuhusu heshima ya mavazi. Dada mmoja mpiga chapa alikuwa anavaa wigi, na ikaonekana kwamba wigi lile linahujumu ujenzi wa taifa. Mimi ndiye niliyenyoosha mkono wa kwanza. Nilisimama robo saa nzima nikieleza kuwa nywele za bandia ni kasumba, na kwamba Mwafrika huru hana budi kuridhika na kichwa alichozaliwa nacho. Nilipigiwa makofi. Yule dada aliyatazama mapanja yangu, la kulia, halafu la kushoto, akarudi kwenye mashine yake. Mtazamo ule nilikuja kuuelewa baadaye sana.

Picha ikaenda na mjomba. Baada ya mwezi mmoja ikaja barua, si kwa mjomba, kwangu.

"Nimeipata picha yako," aliandika mwalimu. "Nimeificha ndani ya kitabu cha hesabu cha darasa la sita, kwa kuwa wadogo zangu hicho hawakifungui kamwe."

Nikajibu. Akajibu. Alinieleza habari za shule yake, jinsi watoto wanavyolima shamba la mihogo la shule kwa ari kubwa siku mwalimu mkuu akiwapo, na kwa ari ya kawaida siku nyingine zote. Aliniuliza kama ni kweli Dar es Salaam watu wanajiunga na foleni kwanza, ndipo wanauliza ni ya nini. Nikamwambia ni kweli, kwamba mimi mwenyewe nilisimama asubuhi nzima Kariakoo nikitaraji sukari, nikafika mbele nikakuta betri za redio. Nilikuwa nalifungua sanduku la barua la ofisi kabla ya tarishi. Nilianza kumpenda. Sikuwa nimepanga hivyo. Nilikuwa nimepanga kuoa tu.

Katika mwezi wa tatu wa kuandikiana aliniletea barua ambayo ninayo mpaka leo.

"Baba amekaa barazani anapaka kipara chake mafuta ya nazi," aliandika. "Anakisugua taratibu kama anang'arisha sinia la harusi. Mama amemwambia asogee juani tupate kioo cha kuchania nywele. Mimi napenda sana kuwatazama. Na wewe hebu niambie ukweli, nywele zako unazitunzaje?"

Mtu mwenye akili timamu angeona mlango umefunguliwa na mwenye nyumba amesimama pembeni akimkaribisha. Mimi niliona mtego. Nilisoma neno "kipara" mara kumi, na kila mara nikaona anamcheka baba yake, na kesho atanicheka mimi. Basi nikakaa nikaandika ukurasa mzima juu ya nywele zangu. Nilimwambia nazichana asubuhi na jioni kwa kuwa ni nyingi na kaidi. Kaidi! Nywele ambazo zilikuwa zinatii amri ya kurudi nyuma kila siku.

Shule zilipokaribia kufungwa, mjomba akaniita.

"Mwalimu anakuja na shangazi yake," aliniambia. "Wanataka kukuona kwa macho kabla ya mahari. Siku hizi wasichana wamesoma. Utakuja hapa kwangu Jumapili, umevaa vizuri, umekaa vizuri."

"Ndiyo mjomba."

"Mbona umekunja uso?"

Mjomba alikuwa ananiona kila wiki na mapanja yangu matupu, na ndiye aliyeibeba picha. Sikujua kama hakuwahi kuitoa kwenye bahasha au aliitoa akaniachia aibu yangu mwenyewe. Sikumuuliza.

Picha, ambayo ilipaswa kufuata kichwa changu, sasa ilikuwa imetangulia, na kichwa kikawa kinaifukuza kwa nyuma. Nikaenda kwa kinyozi mmoja aliyefanya kazi barazani, jirani na Mtaa wa Kongo, ambaye watu walimsifu kwa mkono mwepesi. Alinizungusha kichwa kwenye mwanga.

"Karani, hapa hapahitaji kunyolewa. Hapa panahitaji wakazi."

"Unaweza?"

"Naweza, ila usiniharakishe. Wajinga wanabandika panja kama kiraka cha suruali. Mstari umenyooka, mtu akikutazama anajua umeazima. Asili haina rula. Panja la kweli linaanza na nywele chache, fupi, nyembamba, zimelala kuelekea sikioni. Halafu zinaongezeka polepole, kama watu wanavyoingia mkutanoni."

"Nywele zenyewe utatoa wapi?"

Akanipiga kofi jepesi kisogoni. "Hapa. Huku nyuma zimebanana, kule mbele ardhi tupu. Tunazihamisha."

Pale barazani alikuwapo muuza kahawa, mtu mzima mwenye ulimi ambao haukupumzika. Aliposikia hayo aliliweka birika lake chini.

"Watu wamehamishwa kwenda vijijini, sasa hata nywele! Umeziuliza kama zinataka?"

"Zikifika zitazoea," kinyozi alimjibu.

"Huko kuna maji? Kuna zahanati?"

Benchi zima likacheka. Muuza kahawa akanigeukia kwa heshima kubwa. "Samahani, bwana karani. Ulipokaa pale juani nilidhani nimefika uwanja wa Mnazi Mmoja. Nikawa natafuta jukwaa."

Nilicheka pamoja nao, kwa mdomo tu. Kinyozi alinikata nywele za kisogoni, akazipunguza ziwe fupi kama punje za mtama, akanichorea mpaka kwa wanja, kisha akapaka gundi ya kuzibia pancha za baiskeli na kuzipachika kwa kibano, moja moja na mbili mbili. Alikuwa na nusu ya tyubu tu, na aliitunza kama dhahabu, maana hata gundi ya pancha ilikuwa haipatikani. Hili lilikuwa jaribio, ili siku yenyewe tusibahatishe. Kazi ilichukua muda wa mechi nzima ya mpira pamoja na mapumziko. Nilipojitazama kwenye kioo, lazima nimpe haki yake: ilikuwa kazi safi. Mapanja yalififia pembeni kama ya mtu aliyezaliwa nayo. Nilikuwa mimi wa kwenye picha.

Tatizo lilikuwa harufu. Nilinuka kama gurudumu. Siku mbili watu waliokaa karibu nami ofisini waligeuka kutafuta baiskeli imeingizwa na nani. Nikaitoa ile gundi kwa mafuta ya taa, nikanuka kama jiko. Nikaamua kwamba mwalimu wangu hawezi kusafiri kote kule aje kukaa karibu na gereji.

Jumapili asubuhi nilikwenda kwa kinyozi na kichupa cha gundi nilichokichukua ofisini, kile chenye mdomo wa mpira, tulichokuwa tunafungia bahasha.

Kinyozi alikinusa, akakishika kwa vidole viwili. "Karani, hii si ile ya kulamba?"

"Haina harufu."

"Hii ikiona maji inasalimu amri."

"Nitakaa mbali na maji."

"Na jasho?"

"Mjomba ana feni."

"Na umeme ukikatika?"

"Bandika, bwana."

Akabandika, huku akitikisa kichwa. Muuza kahawa alinisindikiza kwa macho mpaka kona. "Nenda salama," aliniambia. "Usikimbie, utawaacha wenzako njiani."

Kutoka pale mpaka nyumbani kwa mjomba si mbali, lakini nilitembea kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Niliwakuta wamekaa kwenye mikeka: mjomba, mke wa mjomba, shangazi ya binti, mama mnene mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, na binti mwenyewe. Alikuwa na macho ya mwalimu, yale yanayoona nani wa nyuma anakula darasani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba, hujambo? Mbona shingo imekakamaa, umelala vibaya?"

"Sijambo shangazi. Ni mto tu."

Mwalimu alinisalimu kwa sauti ndogo. Aliyatazama mapanja yangu kwa muda, kisha akatabasamu kidogo, na nikadhani nimeshinda.

Tulizungumza vizuri. Nataka ieleweke kwamba kwa muda wa kama saa moja mambo yalikuwa mazuri. Aliniuliza habari za zile betri za redio, nikamwambia bado ninazo na redio sina, akacheka mpaka akafunika mdomo kwa mtandio. Nikajiona naishi naye. Nikaona chumba, meza, madaftari yake ya kusahihisha yamepangwa kwenye kona.

Ndipo mjomba aliposema, "Leteni marashi, tusome dua."

Kwetu shughuli njema haipiti hivi hivi. Wageni hunyunyiziwa marashi. Nilijua hilo tangu utotoni. Nilikuwa nimefikiria mvua, jasho, umeme, hata kikombe cha maji kumwagika. Marashi sikuyafikiria. Mke wa mjomba alikuja na mrashi, ile chupa ya shingo ndefu, na shangazi akaudaka kabla hajapewa.

"Huyu mkwe namnyunyizia mwenyewe. Inama baba."

Akanitikisia kichwani mara moja, mbili, tatu.

"Imetosha shangazi."

"Haijatosha! Nimekaa njiani siku mbili, basi limezama kwenye tope mara tatu, leo unipimie marashi?"

Akanitikisia tena. Nilihisi kitu kimeanza kutambaa kuelekea sikioni.

"Na mbona kichwa wazi?" mjomba akasema. "Tunamwomba Mungu, hatuendi dansini." Kofia yangu nilikuwa nimeiacha nyumbani kwa makusudi. Akaenda kutoa yake moja, nyeupe, ya kudariziwa kwa mkono, akanikandamizia mpaka karibu na nyusi. Kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko changu.

Dua za mjomba zilikuwa ndefu. Aliwakumbuka marehemu wote wa kwetu, akaingia kwa marehemu wa kwao, akawaombea na wagonjwa. Feni ilikuwa inazunguka. Chini ya kofia gundi ilikuwa inakauka upya, na sasa ilikuwa imepata mwenzake, kitambaa cha kofia. Tuliposema "Amin" nilijiambia: kofia hii siivui mpaka waondoke.

"Vua kofia," mwalimu akasema, polepole. "Nikuone kama ulivyo kwenye picha."

"Nina mafua."

"Mafua ya kichwani?" shangazi akauliza.

"Yanaanzia huko."

"Mgeni amekwambia vua, wewe unaleta udaktari?" mjomba akasema, na kabla sijainua mkono akaivuta kofia yake.

Mapanja yalikwenda nayo. Mjomba aliigeuza kofia, akaitazama ndani, na sote tukaona: weupe mtupu, na pande mbili weusi uliofifia pembeni kwa ustadi, nywele zimelala kuelekea sikioni. Yalikaa vizuri kwenye kofia kuliko yalivyokaa kwangu.

"Baba," shangazi akasema kwa sauti ya chini, ambayo sikujua kuwa anayo, "nywele zako zimebaki huku."

Mwalimu akacheka. Si kicheko cha dharau. Nimekifikiria miaka mingi na nina hakika. Kilikuwa kicheko kilekile cha betri za redio. "Ni hayo tu?" akaniambia. "Ndiyo uliyokuwa unayabeba kama mayai tangu ulipoingia?"

Hapo nilikuwa na nafasi ya kucheka naye. Ilinihitaji nifungue mdomo tu. Badala yake niliinuka, nikakung'uta kaunda suti, nikazungumza kwa sauti ileile ya mkutanoni.

"Si jambo la kuchekesha. Nilipata mapunye. Nimeandikiwa dawa, na daktari amesema zitaota."

"Oh," akasema. Kicheko kikakatika. "Uliugua lini?"

"Mwezi uliopita."

"Baada ya kupiga picha?"

"Baada. Pale nilikuwa nazo zote."

Alifungua mkoba wake, akatoa kitabu cha hesabu cha darasa la sita, na ndani yake picha yangu. Akaiweka mkekani, mbele ya mjomba, shangazi na mimi. Panja la kulia lilikuwa jeusi, zuri, kazi ya mzee wa studio. La kushoto halikuwapo. Palikuwa na doa la kijivu lililovutwa mpaka kwenye paji la uso.

"Niliifuta vumbi kwa kitambaa kibichi," alisema. "Wiki ileile nilipoipata. Nikaona wino umekuja na kitambaa. Nikakuandikia habari za kipara cha baba, nikakuomba uniambie ukweli. Ukaniletea ukurasa mzima wa nywele. Nikasema labda barua zinamtia aibu, mtu huyu nikionana naye atasema mwenyewe. Nikamsumbua shangazi kwa siku mbili njiani." Akaliwekea kidole lile doa. "Nawe unasema uliugua mwezi uliopita. Basi panja hili limeugua humu humu kwenye karatasi, na limetangulia miezi mitano."

Mjomba alikuwa bado ameshika kofia yake, hajui aivae au aitupe.

"Kipara si tatizo," mwalimu akasema, akifunga mkoba. "Baba yangu ana kipara tangu sijazaliwa. Lakini umedanganya kwenye picha, umedanganya kwenye barua, na sasa umenidanganya nikiwa nimekaa mbele yako. Mimi nafundisha watoto. Mtoto akikosea mara tatu swali moja, najua hakosei."

Waliondoka siku iliyofuata, kabla mvua hazijaifunga barabara. Picha aliiacha mkekani. Nilimwandikia barua nne, na katika ya nne nilisema ukweli wote, pamoja na kichupa cha gundi. Hakuna iliyojibiwa. Mjomba aliendelea kunialika kula Jumapili, lakini hakunitafutia mchumba tena, na kila nilipoingia kwake alinitazama kichwani kwanza.

Nilisikia baadaye kwamba aliolewa huko huko, akawa mwalimu mkuu, akapata watoto. Sijauliza kama mume wake ana nywele. Kinyozi na muuza kahawa nilikaa nao miaka mingi pale barazani, nikachekwa kadiri nilivyostahili, na kichwa chote kikawa uwanja, hata ile rasi ya katikati ikazama. Nikagundua kwamba hakuna mtu mjini aliyekuwa na nafasi ya kukitazama.

Wapo wanaonisikiliza wakadhani nilipoteza nywele. Nywele zingeondoka tu. Nilimpoteza mwanamke aliyekwisha kujua nilivyo na bado akapanda basi kuja kunitazama. Sikumpata mwingine wa namna hiyo, na wa namna nyingine sikumtaka. Sikuoa. Sina mtoto. Nakula peke yangu.